Mbwa Anatapika, Anahema au Anahangaika Garini: Soma Dalili Kwanza

Kabla ya kukimbilia duka la dawa, jiulize: dalili ilianza lini? Mbwa aliyeanza kutetemeka na kudondosha udenda gari likiwa bado limezimwa ana hofu. Aliyepanda kwa furaha, kisha dakika ya 10 au 20 akaanza kulamba midomo gari likikata kona, amechafukwa na tumbo. Aliyetulia toka Kampala mpaka Luwero, halafu akaanza kuhema kwa nguvu mlipokwama kwenye foleni, amezidiwa na joto. Na aliyekuwa mzima njia nzima akalegea baada ya kushuka, mkague fizi, nyayo na kinyesi, kisha kagua pale alipokuwa amelala ndani ya gari.

Kwa nini tunasisitiza hili? Kwa sababu dawa ya mmoja humuumiza mwingine. Ukimpa mbwa mwenye joto kidonge cha kumlaza umempunguzia nguvu ya kuhema, na kuhema ndiyo njia yake kubwa ya kupoa. Hana jasho la kumsaidia isipokuwa kidogo tu kwenye nyayo.

Anapiga miayo, analamba midomo, anatapika

Dalili hizi huja kwa mpangilio. Kwanza anakuwa kimya na kupiga miayo. Kisha anameza mate mara kwa mara, udenda unaanza kuning'inia, tumbo linajikunja, matapishi yanatoka. Ukimwahi kwenye miayo, una dakika chache za kutafuta mahali pa kusimama.

Chanzo cha kawaida kabisa ni chakula. Wenye mbwa huondoka saa 12 asubuhi kukwepa foleni ya Bwaise au ya Mukono, na kwa huruma humpa mbwa bakuli la posho (ugali) na mifupa saa 11 na nusu. Tumbo lililojaa likiyumbishwa hutapika. Mlo wa mwisho uwe saa 6 hadi 8 kabla ya safari. Kwa safari ya alfajiri, mlishe jana yake jioni basi. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4 asikae na njaa muda huo wote, maana sukari ya mwili wake hushuka haraka: mpe vijiko viwili vitatu vya chakula laini saa 3 kabla. Maji usimnyime, ila mpe kidogo kidogo.

Chanzo cha pili ni harufu, na hiki watu hukisahau. Gunia la mukene (dagaa), jerikeni la petroli, kinukishi kinachoning'inia kwenye kioo cha dereva: pua ya mbwa inavipokea vyote kwa kiwango ambacho wewe hukisikii. Toa vitu hivyo, fungua madirisha mawili, moja kila upande, sentimita 3 hadi 5, hewa ipite. Kufungua dirisha moja tu mara nyingi huzungusha harufu ileile ndani.

Cha tatu ni mahali alipokaa. Nyuma kabisa, baada ya ekseli ya nyuma, ndiko gari linakorusha zaidi kwenye matuta. Mhamishie kiti cha kati, au cha nyuma kama gari lina safu mbili tu, chini, akiangalia mbele. Barabara nazo hazifanani: mteremko wa Fort Portal kwenda Bundibugyo, kona za Kapchorwa na vilima vya kuelekea Kabale vitamtapisha hata mbwa ambaye Kampala–Jinja huvuka akiwa amelala usingizi. Huko dereva ndiye dawa. Apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, na asikanyage breki ghafla kwenye tuta.

Watoto wa mbwa huugua zaidi kwa sababu sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani haijakomaa. Wengi huachana na tatizo hili wakikaribia mwaka 1, isipokuwa kama safari za mwanzo zimewafundisha kwamba gari maana yake ni kutapika. Hapo ugonjwa unakuwa umegeuka hofu, na dawa ya tumbo peke yake haitatosha.

Kuhusu dawa: maropitanti ndiyo tunayoiamini kwa safari, kwa mbwa aliyevuka miezi 4. Kipimo cha kuzuia kutapika kwa safari ni miligramu 8 kwa kila kilo ya mbwa, kidonge kikitolewa kadiri ya saa 2 kabla, na chakula kidogo sana. Kosa linalotokea ni kutumia kipimo cha miligramu 2 kwa kilo, ambacho ni cha kutapika kwa sababu nyingine, halafu mtu anasema dawa haifanyi kazi. Daktari wa mifugo ndiye akuandikie baada ya kumpima uzito. Sindano ya zailazini, dawa ya kulaza mnyama ambayo hupatikana kwa urahisi kwa sababu hutumika kwa ng'ombe, si dawa ya safari: hupunguza mapigo ya moyo na yenyewe inaweza kumtapisha mbwa. Mbwa aliyelazwa akitapika hana uwezo wa kulinda koo lake.

Akishatapika, acha tumbo lipumzike nusu saa, kisha mpe maji kwa vijiko. Chakula ni mpaka mfike.

Kuna kutapika ambako si kwa safari. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, German Shepherd kwa mfano, akijaribu kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu huku tumbo likivimba na kuwa gumu kama ngoma, tumbo lake limejaa hewa na huenda limejisokota. Hapo hakuna cha kusubiri wala cha kumpa. Geuza gari umtafute daktari, maana saa chache ndizo zinazoamua kama atapona. Vilevile mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa, anayetapika na kuharisha damu, usimpeleke mbele hata kilomita 1. Ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, mpaka daktari aseme vinginevyo.

Anahema bila kukoma

Hapa ndipo mbwa wanapofia, kwa hiyo tusiharakishe.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likipimwa kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa kinatosha. Andika juu yake "mbwa" usije ukakirudisha kwa watoto. Likivuka 40 na mbwa anahema, anza kumpoza. Likifika 41, ni dharura.

Kuhema kwa hofu na kuhema kwa joto hutofautiana ukiangalia ulimi. Mwenye hofu ulimi wake ni wa kawaida, anatazama huku na huku, masikio nyuma, na akitolewa nje anapungua ndani ya dakika chache. Mwenye joto ulimi wake umepanuka kwenye ncha, mpana na mwekundu, mate yamekuwa mazito ya kunata, fizi zimeiva wekundu. Baadaye anayumba kama mlevi, anatapika, fizi zinageuka kijivu au za bluu, anaanguka. Pug, Bulldog na wengine wa pua fupi hupita hatua hizi haraka kuliko wenzao, na mbwa mnene huwafuata kwa karibu.

Joto linatoka wapi? Mara nyingi si kwenye mwendo, ni kwenye kusimama. Nje kukiwa na nyuzi 24, siku ya kawaida tu ya Kampala, ndani ya gari lililofungwa juani hufika 34 kwa dakika 10 na 43 kwa nusu saa. Nje kukiwa na 29, dakika 10 zinatosha kufika 40. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi hesabu hii kwa kiasi cha maana, na kivuli cha saa 4 kinakuwa jua saa 6. Kwa hiyo hakuna "naingia benki mara moja". Abaki mtu garini, au mbwa ashuke naye.

Safari ya kaskazini ina hesabu yake. Januari na Februari, kuanzia Karuma kwenda Gulu, Adjumani au Arua, jua la mchana ni kali kweli. Ondoka usiku wa manane au alfajiri, uwe umefika kabla ya saa 5. Chukua maji ya mbwa peke yake: lita 1 kwa kila kilo 10 za uzito wake kwa nusu siku, na jerikeni la lita 20 kwa ajili ya kummwagia ikibidi. Simama kila baada ya saa 2, dakika 10 hadi 15. Kama gari lina kiyoyozi, hakikisha hewa inamfikia. Kwenye gari refu la safu 3 za viti hewa ya mbele huishia kwenye viti vya kati, na mbwa aliye nyuma ya mizigo haipati kabisa. Weka kiganja chako pale alipolala kabla ya kuamini kitufe cha dashibodi.

Akishazidiwa, fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Simama kivulini, mtoe. Mlaze kwenye majani au udongo, usimlaze kwenye lami.
2. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumbo, makwapa, mapaja kwa ndani na shingo. Maji yoyote yaliyopo, hata yakiwa si baridi. Zuia yasiingie puani na mdomoni.
3. Mpepee kwa kipande cha boksi bila kukoma. Maji bila upepo hayapozi vizuri.
4. Usimfunike kwa taulo iliyolowa ukaiacha; ikishapata joto inageuka blanketi.
5. Kama ana fahamu, mwekee maji anywe mwenyewe. Usimimine kooni.
6. Joto likishuka hadi 39.5, acha kumwagia. Ukiendelea litashuka kupita kiasi.
7. Nenda kwa daktari madirisha yakiwa wazi, hata kama ameshasimama na kutikisa mkia.

Mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Watu wengi humtupa garini na kukimbia kilomita 40 na mbwa anaungua njiani. Nambari 7 nayo isirukwe: figo, utumbo na mfumo wa kugandisha damu vinaweza kuonyesha madhara siku 1 hadi 3 baadaye. Ukiona vidoa vyekundu kwenye fizi au tumboni, au mkojo wa rangi ya kahawa, rudi hospitali usiku huohuo.

Na tafadhali, Panadol hapana. Wala ibuprofen, wala diklofenaki. Joto hili si homa, dawa hizo haziligusi, na kwa mbwa zinaharibu ini, tumbo au figo ambazo tayari zimechoka.

Jambo moja linalofanana na joto lakini si joto: mbwa amelala nyuma, buti limeachwa wazi kidogo "apate hewa", na baada ya saa 1 amelegea, anayumba, fizi nyekundu sana. Gari likitembea na mlango wa nyuma ukiwa wazi, hewa ya nyuma hurudi ndani ikibeba moshi wa ekzosi. Huo ni moshi wenye sumu usio na harufu unayoweza kuitegemea. Mtoe kwenye hewa safi, funga buti, fungua madirisha ya pembeni, na ufundi wa ekzosi ufanyike kabla ya safari nyingine. Kama watoto walikuwa kiti cha nyuma, wachunguze nao.

Anarushwa mbele, anateleza, anajinyonga na kamba

Fanya hesabu hii. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga na kusimama ndani ya sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Kila kitu ambacho hakikufungwa kinasukumwa mbele kwa nguvu ya takribani mara 14 ya uzito wake. Mbwa wa kilo 20 anakuwa mzigo wa kilo 280 unaoelekea kisogoni kwa dereva. Kumshika mapajani hakusaidii, na kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa ni mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu mfuko huo umepimwa kwa kifua cha mtu mzima.

Kamba isifungwe kwenye kola ya shingoni. Breki moja ya ghafla inatosha kuumiza koo au shingo. Anahitaji hanesi ya kifuani yenye mkanda mpana, karibu sentimita 5, na kati ya mkanda na mwili viingie vidole viwili vilivyolala. Kamba ya kumfunga itoke mgongoni mwa hanesi iingie kwenye kifungio cha mkanda wa kiti, iwe fupi: akae, alale, lakini asifike ukingo wa kiti. Kwa mbwa wengi hiyo ni sentimita 30 hadi 45. Kamba ikiwa ndefu, mbwa huanguka kati ya viti na kuning'inia. Ndiyo sababu unamkuta amejizungusha miguu na kupiga kelele.

Hanesi za dukani nyingi ni za matembezi. Fundi wa mahema anaweza kukushonea nzuri kwa mkanda wa kiti cha gari, na mikanda hiyo utaipata kwenye masoko ya vipuri kama Kisekka. Mwambie mambo matatu. Mkanda usitoke kwenye gari lililopata ajali, maana ulishavutika na hautavutika tena. Mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani, kwa uzi wa nailoni, si mstari mmoja. Pete na ndoano ziwe za chuma cha kweli, si zile nyepesi za kuning'inizia funguo ambazo hupasuka kama biskuti. Hata hivyo, hanesi ya namna hii itamzuia kurushwa kwenye breki na kumsumbua dereva. Katika ajali kubwa hakuna aliyeipima.

Kizimba ni bora zaidi kwa mbwa anayekubali. Asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale ameinyosha miguu. Nafasi zaidi ya hapo ni ya kurushwa ndani yake. Ukitengenezewa na fundi wa kuchomelea, pitisha kiganja kwenye kila ungio kutafuta ncha, na sakafuni weka mpira mzito wa zulia la gari, kwa kuwa bati tupu huteleza na huunguza. Kisha kifunge kwenye vishikizo vya sakafu kwa mikanda ya kukaza. Ile mipira iliyokatwa kutoka tairi la ndani, ambayo boda boda hufungia mizigo, inavutika. Kwenye breki kizimba kinakwenda mbele, kinarudi na mbwa ndani.

Nyuma ya pikapu

Nyayo zilizochubuka au kuwa na malengelenge: bati la pikapu limeungua na jua. Weka ubao na juu yake gunia au godoro kuukuu, na turubai la kivuli lililoinuliwa ili hewa ipite chini yake.

Macho mekundu yanayotoa machozi: vumbi la murram, yaani la barabara ya changarawe. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita na kijiko 1 cha chai cha chumvi kisichojaa. Asipofungua jicho baada ya saa chache, mchubuko upo. Usimtilie dawa ya macho iliyobaki nyumbani, nyingine zina steroidi na huozesha kidonda cha jicho.

Mbwa kuning'inia nje: kamba ilikuwa moja na ndefu. Hii tumeiona ikiua. Kama hakuna namna ila pikapu, mfunge kwa kamba mbili fupi kutoka kwenye hanesi, moja kila upande, katikati karibu na kabini, zikilegea kidogo tu. Kichwa kisivuke ukingo.

Boda boda, taksi na basi

Mbwa ndani ya gunia la plastiki juu ya boda boda hawezi kuhema, haoni, na mguu wake mara nyingi unagusa ekzosi. Ndiyo sababu hufika ameungua, amejinyea, au amekufa. Sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu, na gunia humtesa hivyo. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 au 4 anaweza kwenda kwenye kikapu kigumu chenye matundu na kifuniko, mapajani kwa abiria, si mbele kwenye tangi. Aliyezidi hapo, kodi gari.

Kwenye taksi ya watu 14 (matatu), zungumza na kondakta kabla mbwa hajaonekana mlangoni, ulipie kiti, ukae nyuma pembeni na kizimba miguuni. Buti la chini la basi likatae hata ukiambiwa ni bure: halina hewa, lina moto wa injini, na mizigo huhama kila tuta.

Anabweka, anakwaruza mlango, anatafuna kiti

Ikianza kabla ya injini kuwaka ni hofu. Kipimo chetu ni kipande cha nyama. Mbwa anayekula ndani ya gari bado anaweza kujifunza. Anayegeuza uso amezidiwa, rudi hatua moja nyuma. Hatua zenyewe: apewe chakula karibu na gari, milango wazi. Kisha ndani, limezimwa. Kisha injini ikiwaka bila kutembea. Kisha mpaka getini na kurudi. Kisha zunguka mtaa. Usipande hatua mpaka ile ya sasa imekuwa kawaida kwake. Na safari zake za mwanzo zisiwe zote za kwenda kuchomwa sindano.

Asepromazini, dawa ya kutuliza, humlegeza mbwa mwili huku akili ikiwa bado na hofu ileile, na hushusha msukumo wa damu. Ukiona mbwa "ametulia" lakini macho yametoka, ndiyo hiyo. Kwa hofu kali daktari ana dawa nyingine, na ijaribiwe nyumbani siku moja kabla ya kuitegemea barabarani.

Ikianza njiani tu, tafuta anachokiona. Nyani wa Karuma humfanya mbwa mtulivu awe kichaa. Funika kioo cha upande wake kwa kitambaa, funga vioo, msisimame. Kumbuka pia kwamba mbwa haruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, na barabara ya Mbarara–Kasese inakatiza Queen Elizabeth. Mkojoze kabla ya kuingia humo, si Katunguru kando ya majani: chui hupenda kumla mbwa, na kichaa cha mbwa na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa) huvuka kwenda kwa wanyamapori.

Anachomoka mlango ukifunguliwa, au anauma dirishani

Kamba mkononi kwanza, mlango baadaye. Funga kitufe cha vioo upande wa dereva, kwani mbwa akikanyaga swichi ya mlangoni kioo hushuka, au hupanda shingo ikiwa nje.

Namawojjolo na Lukaya, masoko ya nyama choma kando ya barabara kuu, zina hatari yake. Ukipunguza mwendo tu, mikono kumi iko dirishani na mishikaki ya kuku na nyama. Mbwa hunyakua na kumeza kijiti, ambacho hutoboa utumbo siku kadhaa baadaye, au hunyakua mkono. Kioo cha upande wake kisifunguliwe, nunua kwa kioo cha mbele upande wa pili, na sema mapema: "Mama, baki huko, huyu anauma."

Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama mbwa amechanjwa. Mbwa asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa akiambukiza kichaa siku ile aliyouma.

Anagoma kupanda

Aliyekuwa akipanda na sasa hataki, hasa mwenye umri, huenda ana maumivu ya nyonga au mgongo. Mjaribu kwa ubao wenye mkeka wa mpira. Akipanda bila shida, tatizo ni kuruka, si gari.

Mmezuiwa njiani

Beba cheti cha chanjo ya kichaa, na kibali cha kuhamisha mnyama kutoka kwa ofisa mifugo wa wilaya unakotoka. Kwa Malaba, Busia, Mutukula au Katuna, pata kwanza kibali cha kuingiza kutoka idara ya mifugo ya nchi unakokwenda, kisha cheti cha afya cha wizara ya kilimo, Entebbe. Chanjo ya kwanza hutolewa kuanzia miezi 3 na ichomwe wiki kadhaa kabla ya kuvuka. Iliyochomwa jana haisaidii mpakani.

Amefika salama, siku chache baadaye ni mgonjwa

Mkague kupe usiku wa kufika: ndani ya masikio, chini ya kola, kati ya vidole, makwapani. Mtoe kupe kwa koleo ndogo karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kumponda wala kumtia mafuta ya taa. Ndani ya wiki 1 hadi 3, ukiona hataki kula, joto limepanda, fizi zimepauka au mkojo umekuwa mweusi, achukuliwe damu. Kama mlipita ukanda wa mbung'o, kwa mfano karibu na Murchison, na jicho likawa na ukungu wa bluu au uso ukavimba, mtajie daktari kila mahali mliposimama, ili atafute vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, pamoja na vile vya kupe kwenye damu hiyohiyo.